Hamsini ya Nani?

Basi lilikuwa limeiacha Chalinze likielekea Morogoro, saa tano asubuhi, pale dereva alipoondoa mguu kwenye mafuta. Mbele yetu kulikuwa na kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na tarakimu mbili nyeusi katikati: 50. Mngurumo wa injini ukashuka. Vitu ambavyo dakika moja kabla vilikuwa vikipita dirishani kama michirizi vikaanza kuwa na sura: meza ya mananasi, mama aliyejitanda khanga akimhesabia mteja chenji, bodaboda wanne chini ya mwembe, na watoto wa shule waliosimama ukingoni mwa lami wakisubiri tupite.

"Dereva, kanyaga mafuta bwana, tuna safari!" sauti ilitoka viti vya nyuma.

"Leo tumepanda mkokoteni," mwingine akaongeza.

Konda akageuka kuwatuliza. "Wazee wa tochi wako hapo mbele, jamani. Tuvumiliane kidogo."

Manung'uniko yakatulia. Tulipokivuka kibao cha mwisho wa makazi, kile cheupe chenye mistari myeusi ya mshazari, basi likarudi kwenye themanini na watu wakarudi kwenye simu zao. Mimi nikabaki na neno la konda. Katika basi zima lililojaa watu, sababu pekee iliyokubalika ya kwenda polepole ilikuwa askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Hakuna aliyesema kwamba tumepunguza mwendo kwa ajili ya wale watoto. Mimi pia sikusema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naamini kila anayepanda gari au kuvuka barabara ana haki ya kujibiwa. Ile hamsini ni ya nani? Nani alikaa akaipima, akaona hamsini inatosha, si arobaini wala sabini? Na alipoipima, alikuwa akimwangalia nani: mtu aliye ndani ya gari, au yule aliyesimama ukingoni mwa lami akisubiri tupite?

Kuanguka kutoka mnazini

Tuanze na mwili, maana ndio unaolipa.

Fizikia ya kidato cha tatu inatosha kwa hesabu hii. Mtu anapogongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, kasi ya pigo hilo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita tatu na nusu hivi, kama fundi aliyeteleza kwenye paa la nyumba ya kawaida. Ataumia, pengine atavunjika, lakini mara nyingi atapona. Kwa kilomita 50, urefu huo unakaribia mita 10: juu kabisa ya mwembe uliokomaa. Kwa kilomita 80, ni mita 25, kimo cha mnazi mrefu. Watu wa pwani tunajua mtu aliyeanguka kutoka kilele cha mnazi hurudishwaje nyumbani.

Angalia tarakimu hizo tena. Kutoka 30 hadi 50 ni ongezeko la kilomita 20 tu, lakini urefu wa kuanguka umekaribia mara tatu. Hiyo ndiyo tabia ya mwendo: nguvu ya pigo haiongezeki kwa hatua zilezile za mshale kwenye dashibodi. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huwa mara nne.

Kuna hesabu ya pili, nayo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mtoto ameingia ghafla barabarani akikimbilia mpira, mita 14 mbele ya gari. Tuseme dereva yuko macho, lami ni kavu, matairi ni mazima, na inamchukua sekunde moja kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Akiwa anakwenda kilomita 30 kwa saa, katika sekunde hiyo atakuwa amesogea mita 8. Breki zitahitaji mita 5 nyingine, na gari litasimama likiwa na nafasi ndogo ya kubaki. Mtoto ataokota mpira wake, mama yake atamchapa, na jioni watakula pamoja.

Dereva yuleyule, gari lilelile, akiwa anakwenda kilomita 50: katika ile sekunde moja ya kushtuka atakuwa tayari ametembea karibu mita 14. Yaani atafika alipo mtoto ndipo breki zianze kushika. Atamgonga kwa karibu mwendo wote aliokuwa nao. Kusimama kabisa kutamchukua mita 28. Kwa kilomita 80 atahitaji zaidi ya mita 57, na hiyo ni gari dogo lenye breki nzuri. Basi lililosheheni, matairi yaliyolika au mvua ya masika, kila kimoja kitaurefusha umbali huo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani husema kwamba mwendo wa wastani wa magari ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takribani asilimia 4. Mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watoto na vijana kuanzia miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua, kuliko ugonjwa wowote ule. Na vifo 92 katika kila 100 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi ambazo zina takribani asilimia 60 tu ya magari yote.

Bendera nyekundu

Binadamu hakuanza na vibao vya 50. Mwaka 1865, kabla gari la petroli halijaundwa, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya mitambo ya mvuke iliyokuwa ikipita barabarani. Mashambani mtambo usizidi maili 4 kwa saa, mijini usizidi maili 2, na mbele yake atangulie mtu kwa miguu akiwa amebeba bendera nyekundu. Leo sheria hiyo husimuliwa ili watu washangae. Lakini ndani yake kulikuwa na wazo ambalo baadaye tulilipoteza: chombo cha moto kilikuwa mgeni barabarani, na mgeni hufuata mwendo wa mwenyeji. Mwenyeji alikuwa mtu anayetembea.

Wenye magari walipoongezeka, ukomo ukapandishwa. Mwaka 1896 ulifikishwa maili 14 kwa saa. Mwaka huohuo, jijini London, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari akafa, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuuawa na gari nchini humo. Mwaka 1903 ukawa maili 20. Mwaka 1930 Uingereza iliondoa kabisa ukomo kwa magari madogo, katika kipindi ambacho watu zaidi ya 7,000 walikuwa wakifa barabarani kila mwaka. Haikuchukua muda kujuta. Mwaka 1935 ukomo ulirudishwa kwenye maeneo yenye makazi: maili 30 kwa saa, sawa na kilomita 48.

Marekani ilipata somo lake kwa njia nyingine. Mwaka 1974, baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta, serikali ilishusha ukomo wa nchi nzima kuwa maili 55 kwa saa, kama kilomita 88. Lengo lilikuwa kuokoa petroli. Mwaka 1973 walikuwa wamekufa watu zaidi ya 54,000 katika barabara za nchi hiyo. Mwaka 1974 walikufa kama 45,000. Watu waliendesha kidogo zaidi kwa sababu mafuta yalikuwa adimu, na hilo lilichangia, lakini mwendo nao ulikuwa na sehemu yake kubwa. Walitafuta mafuta, wakapata na uhai wa watu.

Kwetu Tanzania, msingi ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Humo ndimo ilimo hamsini ya vibao: chombo cha moto kisizidi kilomita 50 kwa saa katika eneo lenye makazi. Humo pia ndimo ilimo themanini ya mabasi na ya magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Juu ya sheria hiyo zimejengwa kanuni nyingine na nyenzo nyingine. Mabasi ya mikoani sasa hufungwa kifaa cha VTS kinachotuma taarifa za mwendo kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mabasi yaliyokuwa yamekatazwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990 yaliruhusiwa tena mwaka 2023 kutembea saa 24.

Nayataja haya ili tuone jambo moja. Kila tarakimu na kila katazo barabarani limewekwa na watu, limebadilishwa na watu, na linaweza kubadilishwa tena. Tumezoea kusema ajali haina kinga, tukaufanya msemo huo kuwa salamu ya rambirambi. Kinga ipo. Huwa inaandikwa, inapigiwa kura, inachorwa na mhandisi, inajengwa kwa kokoto na saruji. Isipokuwapo, kuna mahali ambapo mtu aliamua isiwepo, au aliahirisha.

Themanini na tano katika mia

Sheria huweka tarakimu ya jumla. Lakini kibao kilichosimama mahali fulani, mbele ya soko fulani, hupangwa na wahandisi, na wao wana desturi zao za kazi.

Ya kwanza ni mwendo wa usanifu. Kabla barabara haijachimbwa, mhandisi huamua magari yatapita kwa mwendo gani, kisha huchora kila kitu kwa kipimo hicho: upana wa kona, ukali wa mlima, umbali ambao dereva ataweza kuona mbele. Barabara kuu ikichorwa kwa kilomita 100, kona zake zitakuwa pana na njia yake itanyooka. Shida ni kwamba barabara kuu haibaki peke yake. Lami ikifika, watu huifuata. Mwaka wa kwanza ni kibanda cha chai, mwaka wa tatu ni gulio, mwaka wa kumi ni mji wenye shule ng'ambo moja na kisima ng'ambo ya pili. Usanifu unabaki wa kilomita 100. Kinachoongezwa ni kibao cha 50.

Desturi ya pili ilikomaa Marekani ikasambaa duniani. Wahandisi hukaa kando ya barabara, hupima mwendo wa magari yanayopita bila msongamano, kisha huyapanga kuanzia la polepole hadi la kasi. Katika kila magari 100 hutafuta mwendo ambao magari 85 hayauzidi. Mwendo huo, ukikaribishwa kwenye tarakimu nzima, ndio unaopendekezwa kuwa ukomo. Hoja yao ina mantiki: madereva wengi ni watu wenye akili timamu, hawataki kufa, kwa hiyo mwendo wanaouchagua wenyewe lazima unaendana na barabara, na sheria inayowafanya watu wengi kuwa wakosaji huishia kudharauliwa.

Hoja hiyo ina kilema kimoja kikubwa. Katika ile mia inayopimwa, hayumo mtu hata mmoja anayetembea kwa miguu. Hayumo bibi anayevuka na ndoo ya maji kichwani, wala mwanafunzi wa darasa la kwanza ambaye hajui bado kukadiria kasi ya kitu kinachomjia. Kura zimepigwa na walio ndani ya magari peke yao, kisha matokeo yakawa sheria kwa wote. Na kila barabara inapopanuliwa na kunyooshwa, magari huongeza mwendo. Yakipimwa tena, ukomo hupanda. Ukipanda, magari huongeza tena. Marekani kwenyewe, mwongozo mpya wa alama za barabarani uliotolewa mwaka 2023 umepunguza uzito wa kipimo hicho na kutaka mambo mengine yaangaliwe, wakiwemo watembea kwa miguu na shughuli zilizo kando ya barabara.

Waliogeuza swali

Mwezi Oktoba 1997 Bunge la Sweden lilipitisha sera waliyoiita Dira ya Sifuri: kwamba hakuna kifo wala ulemavu wa kudumu barabarani unaokubalika kuwa gharama ya kawaida ya usafiri. Watu wengi waliiona ni ndoto. Nguvu yake haikuwa katika ile sifuri. Ilikuwa katika namna walivyougeuza mpangilio wa maswali. Badala ya kuanza na dereva na mwendo anaoupenda, walianza na mwili wa binadamu na pigo unaloweza kulihimili, kisha wakarudi nyuma hadi kwenye kibao.

Hesabu yao ni fupi. Mahali ambapo gari na mtu anayetembea wanaweza kugongana, mwendo usizidi kilomita 30. Mahali ambapo gari linaweza kugongwa ubavuni, kama kwenye njia panda, usizidi 50. Mahali ambapo magari yanaweza kugongana uso kwa uso, usizidi 70. Ukitaka kwenda 100 na zaidi, inakubalika, lakini kwanza jenga barabara ambayo ajali za namna hiyo haziwezekani: weka kizuizi cha katikati, ondoa njia panda za ardhini, watenge watembea kwa miguu. Dereva anayekosea bado anakosea, na anawajibika. Ila kosa la sekunde moja halipaswi kuwa hukumu ya kifo kwake wala kwa mwingine.

Tarakimu ya 30 imeshatoka Sweden ikawa ya dunia. Mwezi Februari 2020 mawaziri walikutana Stockholm na kutoa azimio linalotaka ukomo wa kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara, isipokuwa pale penye ushahidi madhubuti kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Mwezi Agosti mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza muongo wa pili wa usalama barabarani, 2021 hadi 2030, kwa lengo la kupunguza vifo na majeruhi kwa angalau nusu.

Sasa chukua hesabu hiyo, panda nayo basi la kwenda Mbeya. Sehemu kubwa ya njia ni lami moja yenye magari yanayopishana, hakuna ukuta wala ukingo wa kuyatenganisha, rangi tu. Kwa hesabu ya Sweden, hiyo ni barabara ya 70. Basi letu kisheria linakwenda 80, na lori linalokuja mbele yake 80. Ukiingia kijijini, watu wanavuka popote panapowafaa. Kwa hesabu hiyohiyo, hapo ni 30. Kibao kinasema 50, na abiria wanalalamika kwamba ni polepole mno.

Wanalalamikia nini hasa? Kilomita moja ya kijiji kwa mwendo wa 80 huchukua sekunde 45. Kwa 50 huchukua sekunde 72. Tofauti ni sekunde 27. Ukipita vijiji 20 vya kilomita moja moja, umepoteza dakika 9 katika safari inayomaliza siku nzima. Muda ambao basi husimama kwa ajili ya chakula unazidi hapo.

Barabara husema kuliko kibao

Bila shaka kibao peke yake hakitoshi. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva kimbia, na sauti hiyo huisikia kwa mikono na miguu yake, wakati kibao anakiona kwa jicho moja la pembeni. Trafiki mwenye tochi hufanya kazi kubwa juani na kwenye mvua, lakini tochi inafika pale askari alipo tu. Madereva huwashiana taa kuonyana, mwendo hushuka kwa umbali wa kilomita mbili, kisha hurudi palepale. Faini ya shilingi 30,000 huingizwa kwenye gharama za safari kama mafuta. Na dereva wa daladala ambaye lazima apeleke hesabu kwa tajiri jioni, kisha apate chake na cha konda, anasukumwa na kitu kilicho karibu naye zaidi kuliko sheria ya mwaka 1973.

Kinachofanya kazi usiku na mchana bila posho ni barabara yenyewe. Tuta. Rasta kabla ya tuta. Kivuko kilichoinuliwa. Njia ya miguu yenye ukingo. Kipilefti kinacholazimisha gari lipinde.

Mfano bora ninaoujua uko hapahapa Dar es Salaam. Shirika la Amend lilibuni mpango uitwao SARSAI, unaozitafuta shule za msingi ambazo wanafunzi wake wanagongwa zaidi, kisha kutembea na watoto hatua kwa hatua kutoka nyumbani hadi darasani kuona wanapohatarishwa. Baada ya hapo hujengwa vitu vidogo: matuta, alama za pundamilia, njia ya miguu pembeni, kibao, wakati mwingine kuhamisha geti la shule kulitoa kwenye barabara kubwa. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa marekebisho hayo na zisizofanyiwa ulikuta majeraha ya barabarani kwa watoto yamepungua kwa takribani robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kwanza kabisa ya miji ya taasisi ya WRI, iliyowaniwa na miradi ya dunia nzima. Wageni wanatoka mbali kuja kutazama tuta la saruji na rangi nyeupe mbele ya shule ya Kiswahili. Sisi je, tumejifunza?

Najua kwa nini swali hili linanichoma. Nilisoma shule iliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Nilipokuwa darasa la tatu, mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja aligongwa akitoka shuleni. Alikuwa ametangulia kuvuka. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kiatu. Baada ya mazishi, wazee na vijana wa kijiji walibeba mawe na magogo wakaifunga barabara mpaka viongozi wakaja. Wiki chache baadaye tukaletewa tuta. Sijawahi kusikia mtoto mwingine aliyegongwa mahali pale.

Ni kisa kinachojulikana katika vijiji vingi, watu hutofautiana majina tu. Kwanza msiba, kisha mawe barabarani, kisha tuta. Ukisafiri kwa makini utaona kwamba baadhi ya matuta yetu ni makaburi yaliyohamia barabarani. Mfumo ulijua namna ya kujenga tuta, ulikuwa na saruji na mafundi, lakini ulisubiri kuletewa mwili.

Sauti ndani ya gari

Kuna mtu mmoja ambaye sijamtaja, naye ni sisi. Abiria.

Kenya ilijaribu njia ya amri. Kanuni zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilitangazwa mwaka 2003 na kuanza kutumika Februari 2004: matatu zote zifungwe vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80, viti viwe na mikanda, madereva na makondakta wavae sare. Wenye matatu waligoma, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na serikali haikurudi nyuma. Kwa muda barabara zilitulia. Kisha usimamizi ukalegea, vidhibiti vikachezewa, na mazoea yakarudi.

Ndipo wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, wakajaribu njia nyingine. Walibandika ndani ya matatu stika zinazowahimiza abiria wasikae kimya dereva anapoendesha vibaya, wazungumze, tena wazungumze pamoja. Matokeo ya jaribio lao kubwa, lililohusu takribani magari 12,000 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yalichapishwa mwaka 2015. Kwenye matatu zenye stika, madai ya bima yalipungua kwa kati ya robo na theluthi. Na mwendo? Ulipungua kwa wastani wa kilomita 1 au 2 tu kwa saa. Upungufu usioweza kuonekana kwa macho, nyuma yake kuna watu waliofika nyumbani. Stika zilizofanya vizuri zaidi ni zile zilizowataka abiria wasimame kwa umoja.

Kwa hiyo ninaloliomba si kubwa kuliko uwezo wetu. Mbele ya kila shule, zahanati na soko lililo kando ya lami, iandikwe 30, na barabara ijengwe kwa namna ambayo 30 itatiiwa yenyewe. Barabara kuu inapoletwa kijijini, bajeti ya vivuko, njia za miguu na matuta iwe ndani ya mkataba wa kwanza, isisubiri awamu nyingine. Wakati wa kupima mwendo wa magari, wahesabiwe na wanaovuka, watoto kwa wakubwa, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji ili watu wajue tarakimu yao ilivyopatikana. Wamiliki waache kupanga ratiba na hesabu zisizowezekana bila kuvunja sheria. Na sisi tulioketi tuache kumsukuma dereva kwa maneno kisha tukamlaumu kwa machozi.

Siku ile, saa tisa alasiri, basi letu lilifika kijijini kwetu. Sikuwa nashuka hapo. Nilikuwa naendelea hadi Mbeya. Shule imepakwa rangi mpya, miti ya mkaratusi imekatwa, tuta liko palepale. Dereva alilipanda taratibu, mizigo ikagongana juu ya vichwa vyetu, na yule kijana wa viti vya nyuma akasema kwa sauti: "Matuta ya nini sasa kwenye barabara kuu?"

Safari hii niligeuka. "Hilo lina mtu, mdogo wangu," nikamwambia. "Tulikuwa tunakaa dawati moja."

Akanyamaza. Abiria wawili watatu walichungulia dirishani kuelekea shuleni, ambako watoto wa zamu ya jioni walikuwa wakitoka na madaftari mikononi. Konda naye akatazama. Tulipokuwa tumeshalivuka tuta, kijana akauliza kwa upole alikuwa na umri gani.

"Tisa," nikamjibu.

Kibao cheupe chenye mistari ya mshazari kilikuwa bado mbele, kama mita mia tatu. Dereva aliendelea na hamsini yake mpaka tukakipita, na hakuna aliyemwambia akanyage mafuta.